Herufi Ghaini: Namna ya Kuitamka, Kuiandika na Kuisoma katika Maandishi ya Kiswahili

0. Utangulizi

Kila mwaka, katika somo la maandishi ya kale ya Kiswahili, wanafunzi wetu huifikia herufi ya 19 ya alfabeti ya Kiarabu wakiwa wamekwisha kuchoka. Wamezoea alifu, be na te. Wamepambana na swadi na dhadi. Wamejaribu kuitoa aini kooni mpaka sauti zao zikakauka. Wanapoiona ghaini (غ) hupumua. Hii, husema, tunaijua: ndiyo ile ya lugha, ghali, ghafla na ghadhabu. Basi huipitia upesi na kuendelea na fe.

Haraka hiyo ina gharama zake. Kwanza, wengi wetu tunayaandika maneno hayo kwa gh lakini tunayatamka kwa g tupu, kwa hiyo sauti yenyewe hatujaijua. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, ghaini katika mkono wa Mswahili wa karne ya 19 haikuwa na sauti moja. Ilibeba sauti nne. Asiyelijua jambo hilo ataisoma barua ya zamani na kuona ngumi mahali ambapo mwandishi aliandika ngome, wala hatatambua kwamba amekosea.

Katika makala haya tutaieleza herufi hiyo kwa hatua tatu: namna ya kuitamka, namna ya kuiandika, na namna ya kuisoma katika maandishi ya Kiswahili. Hatukusudii kumfanya msomaji awe msomi wa Kiarabu. Tunakusudia kumpa ufunguo mmoja, na kumwonyesha mlango unaofunguliwa nao.

1. Asili ya herufi

Mwandiko wa Kiarabu ulitokana na ule wa Wanabati, ambao nao ulizaliwa na mwandiko wa Kiaramu wenye herufi 22. Lakini Kiarabu kilikuwa na konsonanti 28. Kwa hiyo ilibidi herufi kadhaa za zamani zifanye kazi ya sauti mbili, na baadaye nukta zikatumika ili kuzitenganisha. Aini iliyobaki bila nukta ikashika sauti yake ya kooni. Aini iliyowekewa nukta moja juu ikawa ghaini. Nukta hizo si za juzi: hati ya mafunjo iliyoandikwa Misri mwaka 22 wa Hijria, yaani 643, tayari ina herufi kadhaa zilizotiwa nukta.

Jambo hilo lingali linaonekana katika mpangilio wa abjadi, ambamo kila herufi ina thamani ya hesabu. Herufi 22 za kwanza hufuata utaratibu wa zamani wa Kiaramu. Zile sita zilizoongezwa na Waarabu zimewekwa nyuma yake. Kwa hesabu ya nchi za mashariki, ghaini ndiyo ya mwisho kabisa, na thamani yake ni 1000, wakati aini mama yake ni 70.

Katika Kiebrania sauti mbili hizo zilichanganyika zikawa moja, lakini Kiarabu kilizihifadhi zote mbili. Jina la mji wa Gaza linatoa ushahidi mzuri. Waarabu huuita Ghazza, kwa ghaini. Waebrania huuita Azza, kwa aini. Nao Wagiriki wa kale, waliolisikia jina hilo kabla sauti hazijachanganyika, waliliandika kwa g.

2. Matamshi

2.1. Mahali pa kutamkia

Wanasarufi wa Kiarabu walizichunguza sauti za lugha yao mapema sana. Sibawayhi, aliyeishi katika karne ya 8, aliligawa koo katika sehemu tatu. Sehemu ya ndani kabisa aliipa hamza na he nyepesi; sehemu ya kati aliipa aini na he nzito; na sehemu iliyo karibu zaidi na kinywa aliipa ghaini na khe. Kwa istilahi za fonetiki ya leo tungesema kwamba ghaini hutamkwa kwa kuinua shina la ulimi kuelekea kwenye kaakaa laini au kwenye kimio, yaani kile kinyama kinachoning'inia mwisho wa kinywa. Ni kikwamizi, maana hewa haizibwi, bali hupita kwa kujikwamua katika njia nyembamba. Tena ni sauti ghuna, maana nyuzi za sauti hutetemeka wakati wa kuitamka.

Tuilinganishe basi na jirani zake wawili. Katika g ya gari, shina la ulimi hugusa kaakaa laini na kuifunga njia kabisa. Hewa hujikusanya, kisha hupasuka. Hiki ni kipasuo. Katika kh ya Kiarabu njia huachwa wazi kidogo kama katika ghaini, lakini nyuzi za sauti hazitetemeki. Kwa hiyo ghaini hushirikiana na g katika mtetemo, na hushirikiana na kh katika mkwamo. Anayezijua hizo mbili anazo tayari nusu mbili za ghaini; kazi iliyobaki ni kuziunganisha.

Mwalimu mmoja mzee wa chuo cha Kurani, ambaye mwandishi wa makala haya alimwendea akiwa bado mwanafunzi, hakuwa na istilahi hizo, lakini alilieleza jambo lenyewe kwa ufupi kuliko vitabu vyetu. Kila nilipotamka luga alinisimamisha na kuniambia: «Mwanangu, wewe unaufunga mlango halafu unaupiga teke. Usiufunge. Urudishe tu, uache upenyo, upepo upite wenyewe.»

2.2. Hatua za mazoezi

Tunapendekeza hatua nne, ambazo zimetufaa darasani.

Hatua ya kwanza: tamka kh kwa muda mrefu, kama mtu anayejisafisha koo polepole, huku vidole viwili vimegusa koromeo. Koromeo litatulia, halitatikisika.

Hatua ya pili: bila kusogeza ulimi hata kidogo, ongeza sauti, kama mtu anayetoka katika s na kuingia katika z. Vidole vitasikia mtikisiko. Sauti inayotoka sasa ndiyo ghaini. Ikiwa imekatika ghafla, ulimi umegusa kaakaa, nawe umerudi kwenye g. Kipimo ni hicho: ghaini inaweza kurefushwa mpaka pumzi iishe, g haiwezi.

Hatua ya tatu: iunganishe na irabu: gha, ghi, ghu. Wasomi wa tajwidi huihesabu ghaini miongoni mwa herufi saba ambazo ulimi huinuliwa nyuma wakati wa kuzitamka. Kwa sababu hiyo a inayoifuata husikika nzito zaidi kuliko a ya kawaida.

Hatua ya nne: linganisha maneno ya Kiarabu yanayotofautiana kwa sauti hiyo peke yake. Ghali maana yake ni kitu cha bei kubwa, na khali ni kitu kitupu. Jangwa kubwa la kusini mwa Bara Arabu huitwa Rub' al-Khali, yaani robo tupu. Mtu anayekosa mtetemo wa koo atamwambia mwenye duka kwamba bidhaa yake ni tupu, hali alitaka kumwambia kwamba ni ghali.

2.3. Msaada wa Kifaransa, na hatari yake

Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tuna msaada ambao wenzetu wa pwani hawana. Ile r inayotamkwa kwa kimio, tunayoisikia katika redio na vinywani mwa watu wa Paris, ni jirani wa karibu sana wa ghaini. Wafaransa wenyewe waliutambua ujirani huo walipofika Afrika ya Kaskazini. Neno la Kiarabu ghaziya, la mashambulizi ya kupora, waliliandika razzia. Vile vyumba vya kuwekea nafaka vya kusini mwa Tunisia, ambavyo Waarabu huviita ghorfa, wameviandika pia rhorfa. Msomaji ataona mara moja kwamba hilo ni neno lile lile lililotupatia ghorofa.

Hata hivyo tunawaonya wanafunzi. Wengi wetu tunapozungumza Kifaransa huitamka r kwa ncha ya ulimi, si kwa kimio. Mtu wa namna hiyo hatapata faida yoyote. Na yule anayeitamka kwa kimio asije akaipeleka katika re ya Kiarabu, ambayo hutamkwa kwa ncha ya ulimi. Katika neno gharb, lililo asili ya magharibi yetu, sauti mbili hizo zinafuatana. Asiyezitenganisha atalimeza neno zima.

3. Mwandiko

Herufi za Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na nyingi hubadili umbo kufuatana na mahali zilipo katika neno. Ghaini ina maumbo manne. Kwa bahati njema tunaweza kuyaonyesha yote kwa maneno ambayo Kiswahili kimeyapokea.

Mwanzoni mwa neno: غالي, asili ya ghali. Hapa ghaini ni kichwa tu: mkunjo mdogo kama mundu, mdomo wake umefunguka upande wa kulia. Kalamu huanza juu kulia, huzunguka kushoto, hurudi kulia kidogo, kisha huteleza juu ya mstari ili kuishika herufi inayofuata.

Katikati ya neno: لغة, asili ya lugha. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, maana mdomo umefungwa. Kalamu inayotoka kulia hupanda kwa kuinama kushoto, huchora mstari mfupi wa kulala kuelekea kulia, kisha hushuka mpaka kwenye mstari na kuendelea kushoto. Panatokea fundo lenye umbo la pembetatu iliyosimama kwa ncha yake, na juu yake ni bapa. Ubapa huo ndio unaoitofautisha na fe, ambayo nayo ina nukta moja juu, lakini kichwa chake ni cha mviringo.

Mwishoni, baada ya herufi inayounganika: بالغ, mtu aliyefikia utu uzima, ambalo ni la ukoo mmoja na baleghe yetu. Ni fundo lile lile, kisha mkia mkubwa unaoshuka chini ya mstari na kufunguka upande wa kulia.

Peke yake, baada ya herufi isiyounganika kushoto kama alifu: فراغ, ndugu wa faragha. Kichwa kimefunguka na mkia umeshuka. Umbo hili ni kama tarakimu 3 iliyogeuzwa ikatazama upande wa pili. Kwa ajili ya kufanana huko, vijana wa nchi za Kiarabu wanaoandikiana kwa simu kwa herufi za Kilatini huweka 3 mahali pa aini.

Nukta huwekwa mwisho, baada ya neno kukamilika, na hapo ndipo mwandishi mwenye haraka huisahau. Kusahau huko si jambo dogo. عرب ni Waarabu. غرب ni magharibi. Ukiwa umeziacha alama za irabu, kama ilivyo desturi ya Kiarabu, baina ya taifa na upande wa dunia pana nukta moja tu.

4. Ghaini katika mkono wa Mswahili

Mpaka hapa tumezungumza habari za Kiarabu. Waswahili walipoichukua alfabeti hiyo ili kuandika lugha yao walikuta pengo. Kiarabu fasaha hakina g ya gari, hakina ng ya ngoma, wala ng' ya ng'ombe kama sauti inayojitegemea. Walitafuta herufi iliyo jirani, wakaipata ghaini. Kwa hiyo, katika mwandiko wa zamani, غ inaweza kusimama mahali pa gh, g, ng, au ng'. Pamoja na hayo alama za irabu za Kiarabu ni tatu tu: ile ya u hutumika pia kwa o, na ile ya i hutumika pia kwa e.

Matokeo yake tuyatazame katika mfano wa mafunzo. Chukua غُومِ. Msomaji anaweza kupata gome, la mti; anaweza kupata ngome, ya vita; anaweza kupata ngumi, ya mkono. Chukua tena غُومَ: yawezekana ni ngoma, yawezekana ni kitenzi goma, na kwa mtu wa Kivu yawezekana ni mji wa Goma. Herufi hazimwambii chochote zaidi. Ni muktadha, sarufi na ujuzi wa mahali ndivyo vinavyoamua.

Je, mwandishi wa zamani alikuwa mzembe? Hapana. Aliwaandikia watu walioijua lugha kabla ya kuyaona maandishi, na kwao macho yalikuwa yakikumbusha tu kile ambacho sikio lilikwisha kukijua. Watu wengine waliopokea alfabeti hiyo walichagua njia tofauti: Wamalay, kwa mfano, waliitia ghaini nukta tatu (ڠ) ili iwe ng' yao. Huko Mombasa pia, katika karne ya 20, wataalamu walijaribu kuongeza alama ili kila sauti ya Kiswahili ipate herufi yake. Lakini wakati huo herufi za Kilatini zilikuwa zimekwisha kutawala mashuleni, nazo zililitatua tatizo kwa kuandika gh, g, ng na ng' mbalimbali.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi, huku Kongo? Kwa sababu Kiswahili chetu nacho kina maandishi yake ya kale. Kabla ya vita vya 1892 mpaka 1894, vilivyomaliza utawala wa Waarabu na Waswahili huku mashariki, watu wa Nyangwe, Kasongo na maeneo ya Stanley Falls waliandikiana barua kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Baadhi ya hati hizo zimehifadhiwa Ubelgiji, pamoja na zile zilizomo katika jumba la makumbusho la Tervuren, na mtaalamu Xavier Luffin amechapisha sehemu yake. Hamed bin Muhammad el-Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa Stanley Falls, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi hizo hizo. Heinrich Brode ndiye aliyezichapisha Ujerumani kwa herufi za Kilatini, mwaka 1902 na 1903.

Maana yake ni kwamba wengi wetu tumekisoma kitabu hicho katika sura aliyoiandaa mtu mwingine. Kila penye g, ng au gh katika chapa ya Kilatini, kuna mtu aliyeamua kwa niaba yetu. Huenda aliamua vizuri. Lakini tazama majina ya mahali petu: Kasongo, Nyangwe, Lualaba na vijito vyake, vijiji vingi ambavyo vimehama au vimebadili majina. Yenye ng ni mengi. Mtu wa mbali anayekutana na ghaini katika jina la kijiji asichokijua hana njia ya kuchagua baina ya g na ng. Mtoto wa Maniema, akiwa anajua kusoma, anayo. Kazi hiyo inatusubiri sisi, nayo inaanza kwa nukta moja.

5. Luga na lugha

Limebaki swali moja ambalo wanafunzi hutuuliza kila mara: je, mtu wa Lubumbashi au wa Kisangani anayesema luga amekosea?

Tuseme wazi kwamba katika Kiswahili chake cha nyumbani hajakosea. Sauti ya ghaini haikuwamo katika maneno ya asili ya Kiswahili; iliingia pamoja na maneno ya Kiarabu, ikakaa imara pale ambapo watu walisoma na kusikia Kiarabu kila siku. Ilipofika bara ilipewa makao na sauti iliyokuwa karibu zaidi, nayo ni g. Hata Tanzania bara si ajabu kumsikia mtu akisema gorofa. Mabadiliko ya namna hiyo yana utaratibu. Si uvivu wa ulimi.

Lakini utaratibu wa kinywa hauifuti sheria ya kalamu. Katika Kiswahili sanifu tunaandika lugha, na h hiyo si pambo. Inatuonyesha njia ambayo neno lilipitia, na inatuwezesha kulitafuta katika kamusi. Mwalimu asimcheke mwanafunzi anayesema luga. Wala mwanafunzi asijitetee kwa matamshi yake anapoandika luga katika mtihani. Hayo ni mambo mawili, na chuo kikuu ni mahali pa kujifunza kuyatenganisha.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba ghaini ni sauti ya mlango uliorudishwa bila kufungwa: mtetemo wa g pamoja na mkwamo wa kh. Tumeona kwamba ina maumbo manne, na kwamba maneno manne ya Kiswahili, ghali, lugha, baleghe na faragha, yanatosha kuyakumbusha yote. Tumeona hatimaye kwamba Waswahili waliitwisha mzigo wa sauti nne, na kwamba kuutua mzigo huo ni kazi ya msomaji.

Mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuizoea herufi hii kwa juma moja: siku mbili za koo, siku mbili za mkono, na siku zilizobaki za kusoma maneno mafupi yenye alama za irabu, akiandika pembeni kila njia inayowezekana kabla ya kuchagua moja. Zoezi hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa sababu linamfundisha kusita mahali panapostahili. Kisha na aende kwenye hati. Atakapokutana na غ katika jina la kijiji cha babu yake, huenda akawa yeye peke yake, kati ya wote waliowahi kuisoma karatasi hiyo, anayejua namna linavyotamkwa.